Bendro, amlodipini, prili au atenololi? Ulinganisho wa dawa za presha kwa mwanafunzi wa uuguzi

Wanafunzi wakija kliniki ya presha kwa mara ya kwanza, swali lao huwa moja. Wanafungua mafaili mawili, wagonjwa wote wana 160 kwa 100, mmoja kaandikiwa amlodipini na mwenzake losatani. "Sista, kwani ipi bora?" Nami huwarudishia swali: bora kwa nani? Ana miaka mingapi, ana kisukari, figo zake zikoje, ana ujauzito, alishawahi kubanwa na pumu, na asubuhi anatoka nyumbani saa ngapi?

Kuandika dawa ni kazi ya daktari. Lakini wewe ndiye utakayempima mgonjwa, utakayemweleza namna ya kumeza, na wewe ndiye atakayekunong'oneza kwamba vidonge alishaviacha wiki mbili zilizopita. Usipojua kwa nini kapewa hiki na si kile, utaishia kumwambia "meza tu, mama", na mama hatameza.

Kabla ya dawa, kipimo

Hakuna maana ya kulinganisha dawa kama namba yenyewe si ya kweli. Mgonjwa aliyeteremka kwenye daladala akapanda ngazi hadi kliniki hapimwi hapo hapo. Mpe dakika tano akae, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono umewekwa usawa wa moyo, kibofu kitupu, na mkanda unaolingana na mkono wake. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huongeza presha ambayo haipo. Mara ya kwanza pima mikono yote miwili, kisha siku zote tumia ule wenye namba kubwa. Tofauti inayozidi 15 kwenye namba ya juu si ya kupuuza, kwa sababu huenda kuna ateri iliyopungua upana upande mmoja.

Tunasema mtu ana shinikizo la juu la damu akifika 140 kwa 90 au zaidi, kwa siku zaidi ya moja. Mzee anayelalamika kizunguzungu mpime pia akiwa amesimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20, au ya chini kwa 10, ndani ya dakika tatu, hiyo ni presha ya kushuka anaposimama, na mara nyingi dawa zetu wenyewe ndizo zimesababisha.

Vigezo vya ulinganisho

Familia zote nne nitazipima kwa mambo matano: inavyoshusha presha, inayemfaa, wa kuwa naye makini, malalamiko utakayoletewa, na inavyokaa na maisha ya mtu wa Dar es Salaam. Hicho cha mwisho vitabu hukipita haraka, nami naona ndicho kinachoamua kama kidonge kitamezwa.

1. Dawa za kukojosha: thiazaidi

Hapa kuna bendrofluazaidi, ambayo wengi tunaiita bendro, na haidroklorothiazaidi.

*Inavyoshusha presha.* Huzuia figo kurudisha chumvi kwenye damu, na chumvi ikitoka hutoka na maji. Wiki za mwanzo ujazo wa damu hupungua. Baadaye kukojoa hurudi karibu na kawaida, lakini presha hubaki chini kwa sababu mishipa yenyewe imelegea. Mweleze mgonjwa hili, maana wengi huamini dawa "imeisha nguvu" wakiona hawakojoi tena kama mwanzo. Wala usiichanganye na Lasix. Ile hukojosha kwa kishindo kwa saa chache, na kazi yake kubwa ni kwa moyo uliofeli na miili iliyojaa maji. Kwa presha ya kawaida, thiazaidi hushika muda mrefu zaidi.

*Inayemfaa.* Wazee, hasa wale ambao namba ya juu imepanda peke yake, na watu wengi wenye asili ya Afrika, ambao miili yao hushikilia chumvi kwa urahisi. Utafiti mkubwa wa ALLHAT, uliochapishwa mwaka 2002 ukiwa na washiriki zaidi ya 33,000 wa Amerika Kaskazini, uliilinganisha dawa ya kundi hili na amlodipini na lisinoprili. Dawa hii ya zamani na ya bei ndogo haikushindwa na yoyote kati ya hizo mpya katika kuzuia mshtuko wa moyo.

*Wa kuwa naye makini.* Mwenye gauti, mwenye potasiamu au sodiamu ndogo, na mwenye kisukari, kwa kuwa sukari inaweza kupanda kidogo. Potasiamu, sodiamu na kreatinini (kipimo cha kuonyesha figo zinavyofanya kazi) zipimwe mwanzoni na tena baada ya wiki chache.

*Malalamiko.* Misuli ya miguu kukaza usiku, uchovu, na kwa wanaume nguvu za kiume kupungua. Hilo la mwisho baba wa miaka 60 hatamwambia binti mwanafunzi. Mtafutie mahali pa faragha, au muombe muuguzi wa kiume azungumze naye.

*Maisha ya Dar.* Inamezwa asubuhi, na hapo ndipo tatizo lilipo. Nilikuwa na mama anayeuza samaki Feri, anatoka Mbagala alfajiri. Kila kliniki presha yake ilikuwa juu, na kila kliniki dozi iliongezwa. Siku moja nilimuuliza taratibu, akasema: "Mwanangu, nikimeza ile, nitajisaidia wapi kwenye foleni?" Alikuwa hamezi kabisa siku za kazi. Tulimwambia daktari, muda ukabadilishwa awe anameza akisharudi nyumbani mchana, na presha ikashuka bila kuongeza hata miligramu moja. Kuna pia joto letu la Januari na Februari: mtu anatoka jasho juani, hanywi maji, yumo kwenye thiazaidi. Akianguka kwa kizunguzungu usishangae.

2. Amlodipini na nifedipini

*Inavyoshusha presha.* Kuta za ateri zina misuli, na misuli hiyo hukaza kalsiamu inapoingia ndani ya seli. Dawa hizi hufunga mlango wa kalsiamu, misuli inalegea, ateri inatanuka.

*Inayemfaa.* Karibu kila mtu mzima, na kwa watu wenye asili ya Afrika hufanya vizuri hata ikiwa peke yake. Haisumbui sukari, haisumbui potasiamu, wala haimkatazi mwenye pumu. Humsaidia pia mwenye maumivu ya kifua yanayotokana na ateri za moyo zilizopungua upana.

*Wa kuwa naye makini.* Mgonjwa wa kifua kikuu aliye kwenye dawa. Rifampisini huharakisha ini kuiteketeza amlodipini, na nifedipini zaidi, hivyo presha inaweza kupanda ingawa anameza vizuri. Kwa upande mwingine, baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, zile zenye ritonaviri, huiongeza mwilini. Kwa wagonjwa wetu hali hizi mbili si za nadra, kwa hiyo uliza.

*Malalamiko.* Hapa nataka tukae kidogo. Mgonjwa hasemi "nina edema". Anasema viatu vinambana jioni, au majirani wanamwambia figo zimeharibika. Miguu huvimba kwa sababu ateri ndogo zimetanuka kuliko vena, shinikizo ndani ya vijishipa vidogo likapanda na maji yakapenya kwenye nyama. Si kwamba mwili umejaa maji. Kwa hiyo ukimwongezea Lasix, uvimbe unabaki pale pale na mgonjwa anaishia na dawa ya pili ya kutibu madhara ya dawa ya kwanza. Njia iliyo bora ni daktari kupunguza dozi kutoka miligramu 10 kwenda 5, au kuongeza dawa ya kundi la prili au satani, ambayo hutanua upande wa vena na kupunguza uvimbe. Lakini usifikie hitimisho hilo kabla ya kumwangalia vizuri: anahema akilala chali? Mkojo una protini? Mguu mmoja tu ndio umevimba na unauma? Hayo si ya amlodipini. Kuna pia kichwa kuuma na uso kupata joto siku za mwanzo, mambo ambayo kwa wengi hupungua yenyewe.

*Maisha ya Dar.* Amlodipini ni kidonge kimoja kwa siku na hubaki mwilini muda mrefu, kiasi kwamba aliyesahau saa chache hadhuriki sana. Mwezi wa Ramadhani ni rahisi kupanga: kidonge wakati wa futari au daku, na funga yake inaendelea kama daktari ameridhia. Nifedipini tumia ile inayotoka taratibu, na mgonjwa asiitafune.

3. Prili na satani

Kaptoprili, enalaprili, lisinoprili upande mmoja. Losatani na ndugu zake upande wa pili.

*Inavyoshusha presha.* Mwili una homoni iitwayo anjiotensini inayobana mishipa na kushikilia chumvi. Prili huzuia isitengenezwe, satani huziba mahali inapokwenda kushika. Wanafunzi wangu hawaisahau familia hii nikiwasimulia ilikotoka: sumu ya nyoka wa Brazil aitwaye jararaca, ambayo huangusha presha ya anayeumwa, ndiyo iliyowapa wanasayansi njia ya kuelekea kaptoprili, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981.

*Inayemfaa.* Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo anayevujisha protini kwenye mkojo, mwenye moyo uliofeli, na aliyepata mshtuko wa moyo. Kwa hao ni zaidi ya dawa ya presha, kwa kuwa hulinda figo na moyo. Kwa Mwafrika mwenye presha tupu, bila hayo mengine, prili ikiwa peke yake mara nyingi hushusha kidogo kuliko thiazaidi au amlodipini.

*Wa kuwa naye makini.* Mjamzito asipewe kabisa, wala satani wala prili, kwa sababu huharibu figo za mtoto tumboni. Kila mwanamke aliye kwenye umri wa kuzaa aulizwe, na aambiwe aje mapema akikosa siku zake. Mtu ambaye ateri za figo zote mbili zimepungua upana figo zake zinaweza kuporomoka. Ndiyo maana kreatinini na potasiamu hupimwa kabla na tena baada ya wiki moja hadi mbili. Kreatinini ikipanda zaidi ya asilimia 30, daktari ajue siku hiyo hiyo. Mwenye figo dhaifu umkumbushe pia kuhusu madafu na ndizi: ni chakula kizuri, ila vina potasiamu nyingi, na dawa hii nayo huishikilia.

*Malalamiko.* Kikohozi kikavu, cha kutekenya koo, kwa wanaotumia prili. Mji wetu una kifua kikuu, kwa hiyo mgonjwa anayekohoa wiki mbili apimwe makohozi, hilo halina mjadala. Majibu yakiwa safi, angalia faili lake kabla hajaandikiwa antibayotiki ya tatu. Nimemwona mzee aliyekohoa miezi minne, kazungushwa vituo vitatu, na hakuna aliyeuliza anameza nini. Alibadilishiwa kwenda losatani, na baada ya wiki chache analala usiku mzima. Jambo la hatari zaidi, ingawa ni nadra, ni midomo na ulimi kuvimba ghafla. Hutokea zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, ni dharura ya njia ya hewa, na mtu huyo asirudishiwe prili maisha yake yote.

*Maisha ya Dar.* Kaptoprili humezwa mara mbili au tatu kwa siku, na mwendesha bodaboda hawezi ratiba hiyo. Lisinoprili na losatani humezwa mara moja. Tatizo kubwa ni diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu wa magoti na viuno hujinunulia tu dukani. Hupandisha presha, na zikikutana na prili pamoja na dawa ya kukojosha, figo zinaweza kufeli. Mgonjwa hazihesabu kama dawa. Usimuulize "unatumia dawa nyingine?", muulize "ukiumwa mgongo unameza nini?"

4. Beta bloka

*Inavyoshusha presha.* Atenololi, propranololi, bisoprololi na kavedilo hupunguza kasi na nguvu ya moyo, na kupunguza homoni ya renini inayotoka kwenye figo.

*Inayemfaa.* Aliyepata mshtuko wa moyo, mwenye maumivu ya kifua ya ateri za moyo, mwenye mapigo yanayokwenda mbio, na mwenye moyo uliofeli, ingawa huyo hupewa bisoprololi, metoprololi au kavedilo kwa dozi ndogo inayopandishwa polepole, si atenololi. Kwa presha peke yake haichaguliwi kwanza siku hizi, kwa kuwa huzuia kiharusi kwa kiwango kidogo kuliko nyingine. Lakini usimdharau mgonjwa aliye juu yake. Kwa moyo wake huenda ndiyo inayomweka hai.

*Wa kuwa naye makini.* Mwenye pumu. Mwenye mapigo ya polepole: hesabu mapigo kabla ya dozi, yakiwa chini ya 60 mjulishe daktari kwanza. Mwenye kisukari anayetumia insulini hatasikia moyo kwenda mbio wala kutetemeka sukari ikishuka, ila jasho bado litamtoka. Mfundishe kuliamini jasho hilo.

*Malalamiko.* Uchovu, mikono baridi, ndoto mbaya.

*Maisha ya Dar.* Isiachwe ghafla. Akisafiri kwenda kijijini msibani bila vidonge vya kutosha, presha na maumivu ya kifua vinaweza kurudi kwa kasi.

Dawa zikiwa mbili

Wagonjwa wengi huishia kwenye dawa mbili, na hilo si dalili ya kushindwa. Utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019, uliofanyika katika nchi sita za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, ulilinganisha jozi tatu. Amlodipini na thiazaidi, au amlodipini na prili, zilishusha presha zaidi kuliko prili na thiazaidi bila amlodipini. Prili na satani hazipewi pamoja: faida haiongezeki, na figo hulipa.

Ateri zikishaanza kuziba

Presha na ateri haziachani. Presha ikipiga miaka mingi, kuta za ateri hukakamaa na mafuta hujishika ndani. Kwenye mguu utasikia: "Nikitembea toka kituoni mpaka sokoni shavu la mguu linauma, nikisimama linaacha." Hayo ni maumivu ya misuli isiyopata damu, tofauti na ya mgongo au ya goti. Presha ya kifundo cha mguu ikigawanywa kwa ya mkono na jibu likawa chini ya 0.9, ateri za mguu zimepungua upana. Mgonjwa huyu hahitaji kushushiwa presha tu. Anahitaji kuacha sigara, kutembea kwa mpangilio, statini (dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu), na kwa kawaida aspirini ya dozi ndogo. Dawa ya presha ya kundi la prili au satani humfaa, alimradi ateri za figo zimefikiriwa. Zamani beta bloka ilikatazwa kwa mgonjwa wa ateri za mguu. Siku hizi kama moyo wake unaihitaji, anapewa na kuangaliwa. Miguu yake ikague kila kliniki, vua soksi, tazama katikati ya vidole.

Mwongozo kwa hali

Mzee wa miaka 70, namba ya juu 170, ya chini 80, hana ugonjwa mwingine: thiazaidi au amlodipini, kuanzia dozi ndogo, na upime akisimama. Kama mkojo unamsumbua usiku na choo kiko nje ya nyumba, mwambie daktari. Amlodipini itamkalia vizuri zaidi. Kama miguu yake tayari huvimba, thiazaidi.

Mwenye kisukari na protini kwenye mkojo: prili au satani iwemo, hata kama haitoshi peke yake.

Mwenye pumu: usimpelekee atenololi bila kuuliza tena, hata kama imeandikwa.

Anayetumia dawa za kifua kikuu na presha haishuki: mjulishe daktari kuhusu rifampisini kabla ya kumlaumu mgonjwa kwamba hamezi.

Mjamzito: metildopa, nifedipini inayotoka taratibu au labetalo. Ikifika 160 kwa 110 ni dharura, hashauriwi kusubiri kliniki ijayo. Magnesiamu salfeti anayopewa ni ya kuzuia kifafa cha mimba, si ya kushusha presha. Kabla ya kila dozi angalia upumuaji, mkojo na kama goti linaruka likigongwa, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuitangua, iwe karibu.

Aliyeletwa na kiharusi, mdomo umekwenda upande na presha ni 190: usikimbilie kuishusha. Ubongo unaokosa damu unaitegemea presha hiyo, na mpaka picha ya kichwa ipatikane hatujui kama mshipa umeziba au umepasuka. Daktari ndiye atakayepanga.

Na yule anayefika asubuhi na 190 kwa 110, anaongea vizuri, kifua hakiumi, anaona sawa, hakuna upande uliolegea. Usimtobolee kapsuli ya nifedipini chini ya ulimi. Presha ikianguka ghafla, ubongo na moyo hukosa damu. Mkalishe, mpime tena baada ya dakika tano, kisha muulize kama leo amemeza. Mara nyingi atakwambia hapana, aliambiwa aje bila kula kwa ajili ya kipimo cha sukari, naye akadhani na vidonge pia amekatazwa. Viko kwenye mkoba wake. Mletee maji.